Hizi kampuni za intaneti, kuna yenye itatawala milele kweli?

Mtoto wa Umoja: Jana kwa matatu tumebishana mpaka nikapitishwa steji. Jamaa anasema Google na WhatsApp hakuna wa kuzing'oa. Nikamwambia hata Yahoo ilisemwa hivyo, 2008 Microsoft ikaiwekea dola bilioni 44 na kitu mezani ikaringa, 2017 ikauziwa Verizon kwa bilioni 4 na nusu hivi. Sasa mtu anajuaje yenye itakaa?

Wakili Bila Suti: Uliza tu, mtu akihama anaacha nini? Ukihama WhatsApp umeacha chama, grupu ya kanisa, na mamako kule Mwingi. Ndio maana Facebook ililipa bilioni 19 mwaka wa 2014, apu yenyewe wangejitengenezea. Yahoo ungeacha nini? Imeli ya kufungulia saiba, na wenye saiba walivyokuwa wanatuibia dakika!

Baba Njeri: Wee wakili chunga mdomo. Nilikuwa na saiba Moi Avenue. Kabla ya zile nyaya za baharini kufika Mombasa 2009 tulikuwa tunanunua intaneti ya setilaiti bei ya damu, halafu wewe unakuja na shilingi ishirini unafungua imeli moja, inazunguka, unalala kwa mashine, ukiamka mwizi ni mimi?

Dereva wa Usiku: Hiyo ya kuhama kwa teksi haishiki. Simu yangu iko na apu tatu, yenye italia kwanza ndio naenda, na abiria pia anachungulia zote anachukua ya bei ya chini. Uber ilikuja Nairobi 2015 tukaambiwa wengine watafunga, wako wapi waliofunga? Hata huko Uchina, Uber yenyewe ndio iliachia soko Didi, apu ya teksi ya huko, 2016.

Dada wa Rongai: Dereva, si nyinyi ndio mnakatisha safari mkisikia Rongai?

Dereva wa Usiku: Saa tano usiku na mvua, dada, nirudi mjini nimebeba nani?

Dada wa Rongai: Kwa hivyo sisi tulale town. Sawa.

Mtoto wa Umoja: Wacheni Rongai kwanza. Wakili, MySpace je? Huko marafiki walikuwa wamejaa, News Corp ikanunua milioni 580 mwaka wa 2005, 2011 ikauza kwa 35. Hao si waliacha marafiki? Ama walihama na grupu nzima?

Wakili Bila Suti: Ngoja kidogo nimalizane na huyu mzee. Baba Njeri, hiyo saiba yako ni ile ya ghorofa ya pili, ukipanda ngazi za giza? Saa ya kompyuta ilikuwa inakimbia kuliko ya ukutani, nilipima mimi mwenyewe.

Baba Njeri: Ya tatu. Na ile ya ukutani ilikuwa imekufa betri, kila mtu alijua.