Mkutano wa magari ya zamani ukikutwa na mvua: tupeane uzoefu

Ampea
Wakuu, mvua ya leo imenikumbusha ile foleni ya kutoka uwanjani, kila mtu kawasha taa, waipa na feni ya joto kwa pamoja, halafu gari la tatu mbele linazimika na starta haizungushi tena. Wengi wanalaumu betri. Pigeni hesabu kwanza. Taa kubwa mbili za wati 45 ni wati 90, ukigawa kwa volti 12 ni ampea 7.5. Taa ndogo na za nyuma ampea 2. Mota ya waipa 3 hadi 4, feni ya joto 4, koili (inayokuza umeme wa cheche) 3 hadi 4. Tayari mko kwenye ampea 20 na ushei. Dainamo nyingi (mashine za kuchaji betri) za miaka ya 1960 zinatoa kama ampea 22 injini ikizunguka vizuri, lakini ikinguruma polepole kwenye foleni hazitoi kitu, ndiyo maana taa nyekundu ya chaji inawaka. Mzigo wote unabebwa na betri.

Mkisimama, zimeni taa kubwa na feni, bakini na taa ndogo, mshikilie injini kwenye mizunguko 1500 hivi kwa dakika. Kabla ya kuondoka nyumbani bonyezeni feni belti katikati kwa kidole gumba: ishuke kama milimita 12. Ikilegea zaidi ya hapo, ikilowa inateleza.

Wengine mna yapi?

Mzee wa Platini
Hesabu yako safi, ila gari linalozimika ndani ya dakika tano za mvua naanza nalo kwenye kifuniko cha distributa, inayogawa cheche kwa kila plagi. Umeme wa koili unafika volti 20,000 na kuendelea, na unatafuta njia fupi ya kufika kwenye bodi. Unyevu ukichanganyika na vumbi na oili juu ya kifuniko, njia imepatikana. Cheche inatambaa nje badala ya kwenda kwenye plagi, injini inamisi, kisha kimya.

Zima swichi. Fungua vibanio viwili, nyanyua kifuniko pamoja na nyaya zake zote, usizichomoe, maana ukichanganya mpangilio wa silinda utakesha hapo. Futa ndani na nje kwa kitambaa kikavu cha pamba. Futa rota, kile kidole kinachozunguka chini ya kifuniko. Futa shingo ya koili, hapa ndipo wengi wanapasahau. Ukitumia dawa ya kupuliza ya kufukuza maji, puliza kidogo na usubiri dakika mbili kabla ya starta, kwa sababu mvuke wake unashika moto.

Kisha tazama ndani ya kifuniko kwa tochi. Ukiona mstari mweusi mwembamba kama wa penseli kati ya nguzo mbili, huo ni mkaa uliochomwa na cheche, nao unapitisha umeme hata pakiwa pakavu. Ukwangue kwa ncha ya kisu ufike nyumbani, halafu weka kifuniko kipya. Usijidanganye kwamba kukwangua ni tiba.

Boneti Wazi
Shingo ya koili! Hapo umesema kweli, mzee.

Nozeli
Heshima kwako mzee, lakini nusu ya magari mnayoyafungulia distributa siku ya mvua hayana kosa lolote kwenye umeme. Kabureta, inayochanganya petroli na hewa, imeganda barafu. Petroli ikigeuka mvuke inanyonya joto, na hewa inayopita kwenye koo la kabureta inaweza kushuka nyuzi 20 na zaidi. Siku ya unyevunyevu, joto la nje likiwa nyuzi 5 au 10 tu, maji yaliyomo hewani yanaganda kwenye kipepeo cha kabureta, lile bamba linalofungua na kufunga hewa. Gari linapungua nguvu taratibu, ukiachia mafuta linazima. Mwenyewe anafungua boneti, anafuta distributa dakika kumi, joto la injini linayeyusha barafu, gari linawaka, na kitambaa kinapewa sifa isiyo yake.

Mzee wa Platini
Joto hilohilo la injini linakausha na kifuniko cha distributa. Kwa hiyo gari kuwaka lenyewe baada ya dakika kumi halithibitishi barafu yako.

Nozeli
Ndiyo maana unapima ndani ya dakika mbili za kwanza, si baada ya kumi. Ondoa chujio la hewa, mulika kooni. Barafu utaiona kwa macho. Kama koo ni safi, chomoa waya wa plagi moja, chomeka humo plagi ya akiba, ilaze vizuri kwenye chuma cha injini, mwenzako apige starta. Shika kwa koleo lenye mpira, si kwa vidole. Cheche ya buluu yenye mlio ni nzima. Ya njano na dhaifu, au hakuna kabisa, mrudie mzee na kitambaa chake.

Na kama ni barafu, tiba ipo kwenye gari tangu kiwandani. Magari mengi yana mdomo wa chujio la hewa unaogeuzwa kuelekea eksozi wakati wa baridi, au bomba la kuleta hewa ya moto. Watu wanaling'oa bomba hilo wakifunga chujio za urembo, kisha wanashangaa.

Mzee wa Platini
Kipimo hicho nakubali. Bado nasema kitambaa kwanza.

Dada Spana
Mkiwa mnabishana, wenye Mini ya kwanza kabisa ya 1959 hawana la kubishania. Injini imewekwa kwa upande, distributa iko mbele, nyuma tu ya grili, na mvua inaingia moja kwa moja. Dawa ya siku nyingi ni glovu ya mpira ya jikoni: waya wa koili na nyaya nne za plagi zinapita kwenye vidole vitano vilivyokatwa ncha, mwili wa glovu unafunika kifuniko. Acheni upenyo mdogo chini ili kifuniko kipate kupumua, la sivyo jasho la ndani litafanya kazi ya mvua. Na sakafu za zile za mwanzo zilipishanishwa mabati kwa namna iliyoruhusu maji ya matairi ya mbele kuingia ndani, kwa hiyo mazulia yakilowa msianze kuuliza mpira wa kioo.

Turubai
Glovu nne, waya tano. Hesabu imekaa sawa kabisa.

Dada Spana
Glovu MOJA, vidole vitano, Turubai. Soma tena.

Gia ya Kwanza
Naona hakuna aliyegusa dimbwi, na dimbwi ndilo linaloua injini. Saluni moja ya silinda nne, sentimita za ujazo 1500, ilitoka kwenye mkutano ikifuata lori. Barabara imejaa maji. Lori likapita, wimbi lake likarudi likapanda hadi kwenye grili, injini ikakata ghafla kwa mlio mmoja wa kugonga, kama nyundo. Dereva akapiga starta. Starta ikagoma. Akapiga tena, ikasogea kidogo, ikagoma. Watu wakamsukuma wakiwa wametia gia ya pili, akaachia klachi, injini ikawaka. Makofi. Akaondoka zake. Wiki mbili baadaye konrodi (fimbo inayoshika pistoni) ya silinda ya tatu ilikatika ikatoboa ubavu wa bloku, oili yote barabarani.

Sababu ni hii. Kila silinda ya injini ile ni sentimita za ujazo 375. Kwa mgandamizo wa 8.5 kwa 1, nafasi inayobaki juu ya pistoni ikifika kileleni ni sentimita za ujazo 50. Ni mililita 50 za maji, hata robo ya kikombe haifiki! Hewa inabanwa, maji hayabanwi. Pistoni inasimama, uzito wa injini unaozunguka unaendelea kusukuma, konrodi inapinda. Iliyopinda inaweza kuendesha gari siku kadhaa bila kelele ya maana.

Boneti Wazi
Mungu wangu. Sasa ukikatika majini unafanyaje?

Ampea
Naomba hatua zote mkuu, moja moja.

Gia ya Kwanza
Usiguse starta, hapo ndipo kila kitu kinapoamuliwa. Chomoa waya wa ardhi wa betri, gari livutwe hadi pakavu likiwa nyutro. Toa plagi zote nne. Chomoa dipstiki (kijiti cha kupimia oili): oili ikiwa imepanda au ina rangi ya maziwa, maji yameshuka hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na injini haiwashwi mpaka oili na filta vibadilishwe. Zungusha injini kwa mkono, kwa hendeli au kwa kusukuma gari likiwa gia ya juu, maji yatatoka kwenye matundu ya plagi. Halafu toa waya mwembamba wa koili ili pasiwe na cheche, rudisha betri, piga starta sekunde tano tano. Mimina kijiko kimoja cha chai cha oili safi kila silinda, zungusha tena.

Kabla ya kurudisha plagi, pima konrodi. Tumbukiza kijiti kilichonyooka kwenye tundu la plagi, leta pistoni kileleni, weka alama. Fanya zote nne. Alama zikilingana, shukuru. Moja ikiwa chini kwa milimita moja au mbili, konrodi hiyo imepinda, gari lipande kwenye trela. Injini ikiwa salama, endesha kidogo, kisha badilisha oili tena mapema, baada ya kilomita 100 hivi.

Nozeli
Ongeza hili: kabla ya kuvuka maji ya makusudi legeza feni belti, feni isiurushie umeme maji.

Ampea
Belti ikilegea, pampu ya maji na dainamo vinasimama. Mimi siungi mkono.

Nozeli
Kwa mita 30 za maji, mwendo wa mtu anayetembea, gia ya kwanza, injini haitachemka. Upande wa pili unakaza. Maji yakizidi katikati ya gurudumu, usivuke hata kama belti iko mfukoni.

Breki Nne
Na ukishavuka, breki za dramu hazipo. Maji yamekaa kati ya lainingi (kitambaa cha msuguano) na dramu, na kwa kuwa zile shuu (vyuma vinavyobeba lainingi) hujivuta zenyewe zikishika, upande mmoja ukikauka mapema gari linavuta kando kwa nguvu. Kanyaga breki polepole kwa mguu wa kushoto huku unaendesha kilomita 20 kwa saa, mita mia mbili hivi, mpaka usikie zimerudi sawa pande zote. Hapo ndipo uongeze mwendo. Usiku huo usiache handibreki imevutwa: shuu zilizolowa zinashikana na dramu kwa kutu. Tia gia, weka kabari.

Pazia la Mvua
Kioo je? Zile waipa zinazovutwa na vakumu ya manifoldi (mvuto wa hewa wa injini) husinzia ukipanda mlima, kwa sababu ukikanyaga mafuta vakumu inapotea. Achia mafuta nusu sekunde, zifagie mara mbili, kanyaga tena. Mkizoea inakuwa kama kubadili gia. Na nusu kiazi kibichi kipakwe kwenye kioo kwa nje, maji yanateleza.

Dada Spana
Kiazi kinaacha utando, usiku taa za mbele yako zinatawanyika. Kioo kisafishwe kwa spiriti na waipa zipewe mipira mipya, basi.

Pazia la Mvua
Kiazi ni cha dharura, sijasema cha kila siku.

Turubai
Nirudi kwenye jina langu. Paa la turubai lililolowa halikunjwi. Likikunjwa bichi linaota ukungu kwenye mikunjo, na dirisha la plastiki la nyuma linapata mistari isiyotoka. Mfikapo, liacheni limefungwa na vioo vimeshushwa kidogo mpaka likauke.

Na msilifunike gari lililolowa kwa kava, hata kava zuri. Unyevu unabaki chini yake. Fungueni milango, toeni mazulia na hasa lile felti la chini, linashika maji majuma mazima juu ya bati. Pitisheni waya mwembamba kwenye matundu ya chini ya milango na sili (kingo za bodi chini ya milango). Maji yakimwagika hapo mjue yalikuwa yamekaa. Matope ya ndani ya matairi yaoshwe kesho yake, yasiachwe kuwa magumu.

Breki Nne
Turubai, na grisi. Pampu vidomo vyote vya grisi vya chasi mpaka grisi safi itokee pembeni, maji yanatoka nayo. Difu (sanduku la gia la ekseli) kama ilizama ikiwa ya moto, fungua plagi ya chini kidogo tu: maji ni mazito kuliko oili, yatatangulia kudondoka.

Boneti Wazi
Nimeenda gereji kuangalia. Yametangulia.