Tupeane uzoefu: shule zetu za msingi huku Kongwa, Bahi na Mpwapwa, wewe ulitokaje?

Mchunga_Ndama: Wakuu, nimefungua matokeo ya darasa la saba ya shule niliyosoma huku Kongwa. Hisabati ndiyo usiseme. Nikakumbuka tulivyokuwa tunakaa wanne dawati moja, wa pembeni nusu kalio. Ninyi je?

BintiMpwapwa: Afadhali nyie mlikuwa na dawati. Sisi tofali, na kila mtu analo lake!

ChakiNyeupe: Mimi mwalimu, Bahi. Msitulaumu haraka. Elimu bila malipo ilipoanza 2016 nilipokea darasa la kwanza watoto zaidi ya 150, chumba kimoja. Daftari unasahihisha saa ngapi? Na njaa ikiingia, Januari mpaka Machi, nusu hawaji. Shuleni ukipika uji wanarudi mbio.

Kipara_wa_Area_D: Uji, uji. Walimu mko busy na tuisheni.

ChakiNyeupe: Njoo ufundishe wiki moja, uondoke na sauti yako.

UweleMchungu: Mimi sikufelishwa na mwalimu. 2014, usiku wa kuamkia mtihani, baba aliniita zizini. Kaka alikuwa ameshakimbilia Dar. Akasema, "Ukifaulu, hawa atawachunga nani?" Hakunigombeza, ndiyo maana sikuweza kumbishia. Mitihani ilikuwa ile ya kuweka kivuli kwenye herufi ya jibu. Kiswahili nilijisahau, nikajibu vizuri, hadithi ya ufahamu ilikuwa tamu. Kuanzia hapo nikasiliba C tu mpaka mwisho. Msimamizi alipita, akaangalia karatasi, akaniangalia mimi, akapita.

Matokeo yalipotoka mwalimu wa hesabu alinifuata machungani kwa baiskeli, jua la saa saba. Hakusalimia. Akaniuliza hesabu moja, nikamjibu palepale. Akageuza baiskeli, akaondoka bila kuaga. Leo mimi ni bodaboda Kibaigwa. Yule mwalimu nilishawahi kumbeba, sijui kama alinitambua.

BintiMpwapwa: Duh. Nimeacha chakula.

Kipara_wa_Area_D: Wagogo na ng'ombe bwana...

Mchunga_Ndama: Ukabila peleka kwenu. Usukumani, Umasaini, hiyo ya "kajaze madudu" ipo kote kwenye mifugo.

Kipara_wa_Area_D: Natania tu jamani, mke wangu Mgogo.

BintiMpwapwa: Mzee yupo, @UweleMchungu?

UweleMchungu: Yupo. Ng'ombe ndio hawapo, ukame uliwamaliza.

ChakiNyeupe: Mdogo wangu, fanya QT, ule mtihani wa kupata sifa kwa ambao hawakusoma sekondari, kisha kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nimefundisha wenye wajukuu.

Mtama_Mwekundu: QT ya nini? Anunue boda ya pili, amwajiri mwenye digrii.

BintiMpwapwa: Wa kwangu yuko la sita, shule wanataka kumpeleka kambi ya kujiandaa na mtihani. Nimpeleke?

Mtama_Mwekundu: Mpeleke.

ChakiNyeupe: Usimpeleke. Watamkaririsha mitihani ya nyuma tu.

Mchunga_Ndama: Hesabu yenyewe ilikuwa ipi?

UweleMchungu: Robo tatu ya ng'ombe 40.

Kipara_wa_Area_D: 25.

ChakiNyeupe: Wewe ulisoma shule gani?