Difoti kwenye OSPF: niweke always au niache?

NyayaMoja: Wakuu, kesho usiku nasanidi ruta za mpakani zitangaze njia ya difoti (inayofuatwa paketi isipokuwa na njia nyingine) kwa wenzao wa OSPF (itifaki ya ruta kupeana njia). Niandike `default-information originate` kavu au niongeze `always` (itangaze daima)? Au eneo niligeuze stabu (lisilopokea njia za nje), yaishe?

FundiSwichi: Ruta ngapi? Za kampuni gani? Ziko eneo 0 (la kiini) au pembeni? Hapa hatupigi ramli.

DadaPaketi: Stabu! ABR (ruta inayounganisha maeneo) inaingiza difoti yenyewe kwa LSA (tangazo la OSPF) aina ya 3. Ukitia na `no-summary`, inayozuia pia njia za maeneo mengine, jedwali la njia linabaki jepesi.

FundiSwichi: Dada na stabu zako. Eneo 0 haliwi stabu, na ASBR (ruta inayoingiza njia za nje) haikai ndani ya stabu. Ikibidi, ni NSSA (stabu inayoruhusu ASBR), na kwa Cisco NSSA ya kawaida haikupi difoti mpaka uiombe.

MzeeWaJedwali: `always` ilinitoa jasho. Ruta mbili, metriki (gharama; ndogo hushinda) 10 na 20, zote zina `always`. Usiku wa manane laini ya ile ya 10 ikakata. LSA aina ya 5, inayobeba difoti, ikabaki palepale, kwa sababu `always` haijali kama difoti ipo kwenye jedwali. Naipigia ruta ping, inajibu. Majirani wote wa OSPF FULL (wamesawazika). Intaneti hakuna! Nikabadilisha kebo, nikazima na kuwasha swichi mbili zisizo na kosa. Kunapambazuka ndipo nafungua `show ip route` ya ile ruta: "Gateway of last resort is not set", yaani haina difoti. Paketi zote zilikuwa zinakwenda kufia pale huku ya 20 imekaa bure.

NyayaMoja: Pole mzee. Nilisahau kusema: ruta mbili, Cisco, eneo 0. Kila moja ina difoti ya statiki (iliyoandikwa kwa mkono) kwenda kwa mtoa huduma wake, kupitia swichi.

FundiSwichi: Hiyo swichi ndiyo mtego. Laini ikifa ng'ambo yake, mlango wako bado uko juu, statiki haiondoki, na difoti inaendelea kutangazwa hata bila `always`. Ifunge statiki na `track` ya IP SLA (kipimo cha Cisco; kikikosa jibu, statiki inaondoka).

DadaPaketi: Na utumie E1 (njia ya nje inayojumlisha gharama ya kufika ASBR), kila ruta itoke kwa mlango wa karibu.

MzeeWaJedwali: E2 (isiyojumlisha) zikilingana metriki, si huangaliwa ASBR ya karibu vilevile?

DadaPaketi: Zikilingana, mzee. Wewe mwenyewe uliweka 10 na 20.

MzeeWaJedwali: Nilitaka moja iwe ya akiba!

NyayaMoja: Turudi kwa IP SLA. Geti ya mtoa huduma mmoja haijibu ping. Nipime nini sasa?