Nimeitwa kumhoji mtu ambaye huenda akawa bosi wangu

Binti wa Nyaraka
Asalaam aleikum ndugu zangu. Niko kampuni ya uwakala wa forodha, ofisi yetu Shimanzi, Mombasa, mwaka wa sita sasa kwenye meza ya nyaraka. Meneja wetu wa operesheni ameondoka, na Alhamisi wanakuja watu watatu kuhojiwa. Mkurugenzi anataka niketi naye kwenye jopo, pamoja na mama wa rasilimali watu. Atakayechukuliwa ndiye atakayekuwa akinitilia sahihi likizo.

Nikimbana na akapata kazi, ataniweka moyoni. Nikimlegezea, nimewasaliti wenzangu. Mwaka jana kontena la mteja lilikaa bandarini hadi siku za bure, zile za kukaa bila kulipiwa, zikaisha, karatasi ziko mezani kwa meneja. Tozo zilipokuja, barua ya onyo aliandikiwa kijana anayekimbiza karatasi. Nilikuwa najua ukweli, nikanyamaza. Mpaka leo nikipishana naye kwenye ngazi naona haya. Niulize nini?

Mzee wa Kisauni
Mwanangu, usimuulize "ungefanyaje". Hapo kila mtu ni mwema. Muulize alichofanya: "Tueleze mara ya mwisho mtu wa chini yako alipokosea na kampuni ikalipa. Nani alimwambia mteja?" Kisha nyamaza, hata akikaa dakika nzima, usimtafutie maneno. Na mtazame anakoelekeza uso. Nimesimamia ghala miaka mingi. Mtu anayeulizwa na karani halafu akamjibu mkurugenzi, ofisini atafanya vivyo hivyo.

Umm Nasra
Dada, kazi yangu ni kuajiri, hoteli moja huku Nyali. Swali hilo la Mzee waulize wote watatu, kwa maneno yale yale, la sivyo huna cha kulinganisha. Alama zako ziandike kabla mkurugenzi hajafungua mdomo, maana akishasema "huyu nimempenda" mkono wako utamfuata.

Usiguse ndoa, mimba, dini wala kabila, hata kwa mazungumzo ya kupitisha wakati chai ikimiminwa. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinamlinda hata anayeomba kazi. Karatasini andika alichosema, si ulivyomhisi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa haki ya kuomba kuona taarifa zake mlizoweka. Na hofu yako mwambie mkurugenzi leo, kabla ya Alhamisi. Muombe swali hilo liwe la jopo, si lako peke yako.

Wa Changamwe
Mimi nilikaa kiti cha upande wa pili. Aliyenibana siku ile nikaja kuwa bosi wake. Sikumchukia hata kidogo. Kwa swali lake nilijua mapema kidonda cha ofisi kiko wapi, na wiki ya kwanza nilimwendea yeye kabla ya mtu mwingine.

Binti wa Nyaraka
Nimerudi, na Mungu awabariki nyote. Mkurugenzi alikubali swali liwe la jopo, ila akataka niulize mimi.

Wa kwanza alisema hajawahi kuwa na kosa kama hilo. Miaka kumi na nne ya makontena, hata moja! Wa pili alijibu vizuri, lakini uso wote kwa mkurugenzi, Mzee, kama ulivyosema. Wa tatu alikaa kimya mpaka nikasikia feni. Akasema uzito ulijazwa vibaya kwenye hati, yeye akatia sahihi bila kusoma, na simu kwa mteja alipiga yeye, karani wake akiwa amesimama pembeni. Kisha akanigeukia: "Hapa kwenu mambo kama hayo huishaje?"

Nikamweleza la kijana wetu, mbele ya mkurugenzi. Sikuwa nimepanga. Jibu la jopo bado, lakini leo asubuhi mkurugenzi ameitisha faili lenye ile barua ya onyo.