Kumbukumbu za mbizi ni za nani, mzamiaji au kiwanda?

Wadau wa kuzamia, naleta hoja. Je, sheria iwalazimishe watengenezaji wa kompyuta za kuzamia kuchapisha itifaki zao za kutoa data, yaani lugha ambayo kifaa hutumia kutuma rekodi zake kwenye kompyuta nyingine? Mimi nasema ndiyo.

Kompyuta hiyo unayoivaa mkononi hupima presha ya maji kila baada ya sekunde chache, kisha inakokotoa kina ulichofika na naitrojeni iliyoingia mwilini. Hiyo ni habari ya mwili wangu. Lakini nikitaka kuitoa, viwanda vingi vinanielekeza kwenye programu yao, na baadhi vinataka kwanza nifungue akaunti. Programu ikiachwa kuendelezwa, rekodi zinabaki humo humo.

Kwenye boti yetu hapa Nungwi tunatumia Raspberry Pi, kikompyuta kidogo cha ubao mmoja kinachokula umeme wa pawa benki. Ndani yake kuna mfumo endeshi wa Linux na libdivecomputer, maktaba ya programu inayosoma data za kompyuta za kuzamia. Ukichomeka kebo ya USB, kompyuta nyingi za kuzamia hujitokeza kwenye Linux kwa jina la ttyUSB0, na mtumiaji asipokuwa kwenye kundi la dialout, yaani walioruhusiwa kutumia milango hiyo, anakataliwa hapo hapo. Alama ya mbizi ya mwisho huhifadhiwa, kwa hiyo safari inayofuata zinachukuliwa mpya tu. Faili tunazifungulia kwenye Subsurface, programu ya bure ya kumbukumbu za mbizi aliyoianzisha Linus Torvalds, muasisi wa Linux, mwaka 2011.

Itifaki nyingi zilizomo kwenye libdivecomputer zimepatikana kwa watu kukaa na kuchungulia baiti moja moja zinazopita kwenye waya. Kwa nini wateseke hivyo?

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, kazi nzuri, ila sheria hapana. Kifaa hiki kinabeba uhai wa mtu. Ukifungua itifaki, kesho fundi wa mtaani atabadilisha mipangilio, mtu apatwe na ugonjwa wa mgandamizo (ule wa kupanda juu haraka mno), na kiwanda ndicho kitaburuzwa mahakamani.

Mtoa mada: Tutenganishe kusoma na kuandika, ndugu yangu. Mimi nadai kusoma. Tena Heinrichs Weikamp wa Ujerumani wameacha wazi hata msimbo unaoendesha kompyuta zao za OSTC, na bado wanauza.

Mchangiaji wa pili: Umoja wa Ulaya wana sheria ya data iliyoanza kutumika tarehe 12 Septemba 2025. Mwenye kifaa kinachozalisha data ana haki ya kuipata. Tatizo ni kwamba haki ya kupata data si sawa na kuchapishiwa itifaki. Kiwanda kinaweza kukupa faili kupitia programu yake ile ile kikasema kimetimiza. Tukiiga, tusiige pengo hilo.

Mchangiaji wa tatu: Hata uwazi hautoshi. Zipo kompyuta za zamani zinazotuma data kwa mwanga wa infraredi. Mwaka 2018 toleo la 4.17 la Linux liliondoa kabisa IrDA, sehemu iliyoendesha mawasiliano hayo ya infraredi, na hapo hakuna kiwanda cha kulaumu. Utamshtaki nani?

Mtoa mada: Hoja hiyo ni nzito, naikubali. Lakini msimbo ulioondolewa bado unasomeka, mwenye ujuzi anaweza kuujenga upya pembeni. Kilichofichwa na kiwanda hakina pa kuanzia, na mwenye rekodi za miaka kumi anabaki mikono mitupu.

Mlioko Mafia, Pemba na Watamu, mgeni akiondoka kituoni kwenu anaondoka na data zake, au mnamwambia atajua mwenyewe kwao?