Kinyago cha euro 150 kimenadiwa milioni 4.2: mbona wauzaji walishindwa kesi?

MsomaMinada
Wadau, naombeni mnieleweshe. Wazee wawili wa Ufaransa, mtu na mkewe, walikuwa wanaondoa vitu kwenye nyumba yao mwaka 2021, wakamwita mfanyabiashara wa vitu vikuukuu. Darini kulikuwa na kinyago cha Wafang wa Gabon, kile cha ngil (chama cha siri cha Wafang), kilichotoka kwa babu aliyekuwa gavana wa kikoloni. Jamaa akakichukua kwa euro 150. Machi 2022 kikanadiwa Montpellier kwa euro milioni 4.2, na wazee wakaja kuisoma habari hiyo gazetini! Walipokwenda mahakamani Alès, Desemba 2023 madai yao yakatupwa. Hii si dhuluma ya wazi?

MfuatiliajiKesi
Ndugu, kesi hizi nazifuatilia kwa karibu, na kila mara watu huanzia kwenye bei. Mahakama haianzii huko. Ufaransa, kitu cha kuhamishika ukikiuza kwa bei ya kutupa, bei hiyo peke yake haivunji mauzo. Kinachoweza kuyavunja ni kwamba ulikosea kuhusu kitu chenyewe, na kosa lako liwe la kusameheka. Wazee walikwama hapo: mahakama iliona wameuza kwa uzembe, bila kuuliza popote. Yule mnunuzi naye hakuwa bingwa wa sanaa ya Afrika.

Sasa tazama kesi ya Poussin, ambayo ningependa kila anayeuza urithi aijue. Mwaka 1968 mume na mke waliuza picha mnadani Paris kwa faranga 2,200. Kabla ya hapo mtaalamu alishaikagua na kusema ni ya wafuasi wa akina Carracci, familia ya wachoraji wa Italia. Makumbusho ya taifa yakatumia haki yao ya kuichukua kwa bei iliyofikiwa, kisha makumbusho ya Louvre yakaionyesha kama kazi ya Nicolas Poussin, mchoraji mashuhuri wa Ufaransa! Kesi ilipanda hadi mahakama ya juu kabisa mara mbili, 1978 na 1983, na mwaka 1987 mauzo yakafutwa. Wala hawakutakiwa kuthibitisha kwamba ni Poussin kweli. Ilitosha kwamba waliuza wakiamini haiwezi kuwa yake. Hawa waliuliza, wakapewa jibu la kuwapoteza.

Kalamu_na_Brashi
Naongeza ya Uingereza, maana kuuliza nako kuna mipaka yake. Mwenye picha ya wacheza karata aliipeleka Sotheby's, kampuni ya minada. Wataalamu wakaikagua, hata kwa eksirei, wakasema ni nakala tu, iliyochorwa na mtu mwingine kuiga kazi ya Caravaggio, mchoraji mashuhuri wa Italia. Desemba 2006 ikauzwa pauni 42,000. Mwaka uliofuata Sir Denis Mahon, mwanazuoni mkubwa wa sanaa ya Italia, akatangaza kuwa ni ya Caravaggio mwenyewe. Muuzaji akashtaki, na Januari 2015 akashindwa London. Jaji aliuliza kama wakaguzi walifanya kazi yao kwa uangalifu unaostahili, akaridhika kwamba walifanya. Maoni ya mwanazuoni mmoja, hata awe nani, hayawageuzi kuwa wazembe.

MsomaMinada
Asanteni, sasa napata picha. Ila huyo wa kinyago, milioni zote hizo, hakuwapa wazee hata kidogo?

MfuatiliajiKesi
Alikuwa tayari kutoa euro 300,000 yaishe, mapatano yakashindikana. Mimi ningewashauri wachukue. Ni kiasi kile kile ambacho wanadi walikitaja kama makadirio ya chini kabla ya mnada, na ukishaingia kwenye kesi ya kosa la kusameheka au lisilosameheka, hakuna wakili atakayekuhakikishia jibu.

Lakini kinachonikera zaidi katika faili hili ni jinsi Gabon ilivyopita kama maelezo ya chini ya ukurasa. Siku ya mnada Wagabon walisimama ukumbini wakipaza sauti kinyago kirudishwe kwao. Serikali yao ikaomba kuingia kwenye kesi, na hukumu ile ile ya Alès ikawakatalia. Kitu kilichotoka Gabon enzi za ukoloni kinagombewa na familia ya gavana na muuza vikuukuu, na wenye asili yake wanaambiwa hawana la kudai. Kama kuna mwanasheria humu anayefanya kazi za urejeshaji wa mali za kale, ningependa sana kusikia serikali ya Gabon ingeweza kuingilia mlango gani mwingine.