Vitendo vya baiolojia: michirizi ya misuli haionekani kwenye hadubini

mwl_kiboriloni
Habari za leo wakuu. Kidato cha pili wana vitendo Alhamisi, nataka waone wenyewe misuli ya mifupa, ya moyo na misuli laini. Hadubini zetu zinakuza mara 400. Nyama ya mbuzi inatoka bucha la Mbuyuni asubuhi hiyo hiyo, inakatwa nyembamba kwa wembe, lakini kwenye slaidi linatokea doa la bluu tu. Kosa liko wapi?

fundi_maabara_ar
Mwalimu, kosa ni huo wembe. Kipande hata kikiwa chembamba kina nyuzi nyingi zilizolaliana, mwanga haupiti. Nyama ya slaidi inachambuliwa, haikatwi.

Chukua mnofu wa paja, chemsha kama dakika 20. Tishu inayofunga nyuzi italegea, michirizi (mistari inayokingama kwenye uzi) itabaki. Ng'oa uzi mwembamba kama unywele, uweke kwenye tone la maji ya chumvi (gramu 9 kwa lita), uupasue kwa sindano mbili kufuata urefu wake mpaka karibu usionekane kwa macho. Ukitumia nyama mbichi usiweke maji matupu, nyuzi zitavimba.

Rangi ya methilini bluu tone moja, dakika 2, kisha inyonye kwa karatasi upande wa pili wa kioo cha kufunikia. Ikizidi, ndilo doa lako. Halafu punguza mwanga kwa kubana kiwambo (tundu linalopitisha mwanga) chini ya jukwaa la slaidi. Wengi wanakosa michirizi kwa sababu ya mwanga mkali tu. Viini vitakuwa vingi katika uzi mmoja, vyote pembeni.

Nyama ya friza achana nayo, barafu hupasua nyuzi.

vet_usariver
Naunga mkono. Kwa moyo, toa kipande kwenye ukuta wa ventrikali (chumba cha chini cha moyo) ya kushoto, ndio mnene zaidi, mbali na mafuta na vali. Michirizi ipo, ila nyuzi zina matawi na zimeshikana, kwa hiyo hazitachambuka vizuri kama za paja. Watafute mahali uzi unapogawanyika kama herufi Y, na kiini kikae katikati.

Misuli laini ipo kwenye ukuta wa utumbo, hata firigisi ya kuku. Seli zake zimechongoka ncha zote mbili, kiini kimoja, hazina michirizi. Kuzitenganisha kwa sindano ni shida kweli. Hapo tumia slaidi iliyotengenezwa tayari, na utumbo wenyewe uwe wa kuonyesha tabaka mbili: la nje nyuzi zimekwenda kwa urefu, la ndani zimezunguka. Zikibana kwa zamu, chakula kinasukumwa.

mwl_kiboriloni
Asanteni sana. Wataniuliza kwa nini mguu unakakamaa lakini moyo haukakamai.

vet_usariver
Swali zuri, lijibiwe vizuri. Uzi wa mguu ukipokea amri mfululizo, mikazo inajumlishana, unabaki umekaza. Seli ya moyo ikishapiga, kwa muda haipokei amri nyingine, na muda huo unakaribia kulingana na mkazo wenyewe. Lazima ilegee kwanza, na inapolegea ndipo ventrikali hujaa damu. Tena seli hiyo imejaa mitokondria (sehemu zinazotengeneza nishati), takriban theluthi moja ya ujazo wake, kwa hiyo nishati inapatikana muda wote ilimradi oksijeni inafika.

fundi_maabara_ar
Moyo mnunulie mzima, mwalimu. Wauza nyama huupasua kuonyesha ni safi, na ukuta wa kushoto ndio huchanwa kwanza.